Likizo ya Theluji kwa Mshahara wa Mtumishi wa Serikali

Hotuba iliyosomwa bwaloni siku ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani



Kamati yenu iliponiandikia barua ilinitaka niseme juu ya maisha ya mtumishi wa serikali anayefanya kazi nchi za nje. Niliona kuwa jambo hilo ni pana mno kwa nusu saa, tena hotuba za namna hiyo aghalabu huishia katika kujisifu. Kwa hiyo niliomba ruhusa nichukue jambo moja dogo, nilieleze mpaka liishe. Jambo lenyewe ni hili: namna familia yenye kipato cha kadiri inavyoweza kuchagua likizo ya kwenda kuteleza kwenye theluji, kwa gharama inayobebeka, chakula kikiwa kimejumlishwa. Katibu alinipigia simu kuuliza kama natania. Nilimjibu kuwa sitanii, na leo narudia mbele yenu kuwa sitanii.

Najua wapo watakaouliza: theluji yatuhusu nini sisi? Nina majibu mawili. Kwanza, katika bwalo hili wamo wazazi wenye watoto wanaosoma au kufanya kazi Ulaya na Marekani, na wamo vijana ambao kesho watapelekwa huko kikazi kama nilivyopelekwa mimi. Pili, hesabu nitakayoieleza ni ile ile kwa mzazi anayetaka kuwapeleka watoto wake Mikumi, Lushoto au Unguja.

Tena sisi sote tuliolala katika mabweni haya tunaufahamu mpango wa chakula kujumlishwa kuliko tunavyodhani. Hapa tulilipa ada mara moja kwa muhula, na ndani ya ada ile kulikuwa na kitanda, uji wa asubuhi, na ugali na maharage ya mchana na ya jioni. Hakuna aliyeulizwa bei ya sahani. Shule iliweza kutulisha kwa fedha kidogo kwa sababu tatu: ilinunua kwa magunia, si kwa vibaba, ilijua idadi ya walaji kabla ya moto kuwashwa, na wote tulikula chakula kimoja kwa wakati mmoja. Hoteli ya mlimani inayouza chumba pamoja na chakula hufuata kanuni hizo hizo. Mpishi anajua mapema leo wageni ni wangapi, anapika supu ya namna moja na nyama ya namna moja au mbili, basi. Ndiyo maana chakula kilichojumlishwa chaweza kuwa nafuu kuliko mkahawa, na mara nyingine kukaribiana na gharama ya kujipikia, maana maduka ya juu milimani huuza vitu ghali.

Sasa nieleze hali yetu, ili mjue nasema kutoka wapi. Kati ya mwaka 2014 na 2018 nilikuwa katika ubalozi wetu mjini Geneva, Uswisi. Nilikuwa na mke wangu na watoto watatu. Tulipoanza kuifikiria safari hii mkubwa alikuwa na miaka 13, wa pili 10, na kitindamimba 6. Mji wa Geneva umekaa kando ya ziwa, na milima imeuzunguka. Kila Februari shule za huko hufungwa kwa wiki moja, na wiki hiyo watoto wengi huenda mlimani. Wanarudi nyuso zimebabuka kwa jua, na kwa wiki mbili nzima hawana habari nyingine. Watoto wetu walikuwa wakisikiliza tu. Kitindamimba aliniuliza kama theluji imekatazwa kwa watu wa ubalozi.

Upande wa pili kulikuwa na mambo yasiyoweza kusogezwa. Marehemu kaka yangu aliacha watoto wawili, na ada zao zilitoka mfukoni mwetu. Mama yangu mzazi alikuwa akitibiwa, na dawa hazingoji. Tuliweka kanuni nyumbani: ada na dawa kwanza, na hakuna kukopa kwa ajili ya starehe. Kilichosalia kwa mwaka ndicho kingetupeleka mlimani, na kama hakitoshi, hatwendi.

Na lilikuwapo neno la mke wangu. Yeye ni muuguzi. Aliacha kazi yake ili anifuate, na kwa miaka ile alikuwa akipika mara tatu kwa siku katika jiko ambalo watu wawili hawapishani. Nilipomwonyesha tangazo la nyumba ya kupanga mlimani, bei ndogo, jiko la kisasa, alilisoma mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba watoto, nitakwenda popote mtakapokwenda, lakini sufuria sitaishika." Ndugu zangu, neno hilo lilinifundisha kuwa likizo ambayo mtu mmoja anaendelea na kazi yake ya kila siku si likizo ya familia, ila ni ya hao wengine.

Kwa ajili ya wanafunzi, nieleze kwanza mchezo wenyewe. Mtu hufunga miguuni vibao viwili virefu na vyembamba viitwavyo skii, akateremka mteremko wenye theluji iliyoshindiliwa. Kupanda hapandi kwa miguu. Hupandishwa na lifti, yaani viti au vyumba vidogo vinavyoning'inia kwenye waya mnene unaozungushwa na mashine. Njia za kuteremkia hupakwa rangi kwa ugumu wake. Huko Ufaransa kijani ni ya wanaoanza, kisha buluu, kisha nyekundu, na nyeusi ni ya wajuzi. Mtauliza kwa nini tusitelezee Kilimanjaro, ambao kwa mita 5,895 unaupita Mont Blanc, mlima mrefu wa Alps, kwa zaidi ya mita 1,000. Jibu ni kwamba Kibo hakuna lifti wala njia zilizoshindiliwa. Barani Afrika mchezo huu upo Oukaïmeden kule Moroko, na Afriski kule Lesotho, juu ya mita 3,000, ambako msimu wake ni kipupwe cha kusini, Juni hadi Agosti.

Sasa hesabu. Tangazo la likizo ya theluji kwa kawaida huonyesha bei moja kwa herufi kubwa, nayo mara nyingi ni ya malazi peke yake. Gharama zenyewe ni sita: malazi, chakula, tiketi ya lifti, kukodi vifaa, mafunzo, na usafiri. Nyuma ya hizo zinafuata ndogo ndogo: mavazi, bima, na kodi ya mgeni inayotozwa kwa kila usiku. Anayelinganisha bei ya malazi ya hapa na bei ya vyote ya pale analinganisha debe la mahindi na sahani ya ugali.

Nichukue mfano. Tarakimu hizi ni za kufundishia tu, si bei za hoteli yoyote. Tuseme familia ya watu watano, wazazi wawili na watoto watatu, kwa wiki moja. Nyumba ya kujipikia ni euro 900. Tiketi za lifti, 250 kwa mkubwa na 200 kwa mtoto, zinafika 1,100. Vifaa vya wote ni 430. Mafunzo ya watoto watatu ni 540. Chakula cha kununua na kupika ni 500. Jumla ni euro 3,470, na bado hatujasafiri. Mahali pengine wanauza kila kitu kwa bei moja: wazazi 850 kila mmoja, watoto 650, 600 na 500. Jumla ni euro 3,450. Aliyeona 900 upande mmoja na 3,450 upande wa pili angekimbilia 900. Lakini tofauti ya kweli ni euro 20, na kwa hizo 20 anayelipa zaidi ndiye pia anayepika na kuosha vyombo. Hapo ndipo ile methali ya wazee inapotimia: rahisi inavunja upishi.

Msidhani kwamba nimemaliza, maana hesabu ina upande wa pili. Tuseme wazazi hawatelezi. Katika ile nyumba ya kujipikia, tiketi zao mbili, 500, na vifaa vyao, 220, vinaondoka. Jumla inashuka mpaka 2,750. Lakini ile bei ya kila kitu haishuki, kwa sababu tiketi zimo ndani yake, utumie usitumie. Kwa hiyo bei ya jumla ni nzuri kwa familia ambayo wote watapanda lifti kila siku. Familia ambayo baadhi yao watakaa chini, wakitembea au wakisoma kitabu, itafute mahali panapojumlisha malazi na chakula tu, kisha iwanunulie watelezaji peke yao tiketi na mafunzo. Basi swali la kwanza si "ni bei gani?" Swali la kwanza ni "nani katika sisi atafanya nini, tangu asubuhi mpaka jioni?"

Nije kwenye maneno ya matangazo, maana fedha nyingi hupotelea katika maneno. Ukisoma demi-pension kwa Kifaransa, Halbpension kwa Kijerumani, au mezza pensione kwa Kiitaliano, maana yake ni moja: chakula cha asubuhi na cha jioni. Mchana ni juu yako. Pension complète ni milo yote mitatu. Tout compris ni kila kitu, lakini "kila kitu" hutofautiana: mahali pengine ni chakula na vinywaji, pengine ni pamoja na lifti, vifaa na mafunzo. Usiliamini neno, omba orodha.

Vinywaji aghalabu havimo katika demi-pension. Katika mikahawa ya Ufaransa unaweza kuomba jagi la maji ya bomba pamoja na chakula bila kulipa. Watoto watatu wakiagiza soda kila jioni kwa siku saba, jumla itawashangaza. Na mchana msikimbilie mkahawa wa juu ya mlima. Vituo vingi vya Ufaransa vina chumba kiitwacho salle hors sac, mahali pa kulia chakula ulichobeba mwenyewe, pana meza na joto, na hakuna anayekutazama vibaya. Hoteli nyingi hukufungia chakula cha mchana kwa bei ndogo ukiagiza jioni. Ila msifiche mikate ya chakula cha asubuhi mifukoni mwa makoti. Tuliolelewa katika bwalo hili tunaujua ustadi huo, lakini sasa tu watu wazima.

Neno moja kwa ndugu zetu Waislamu, na kwa yeyote mwenye mwiko wa chakula. Vyakula vya milima ile vina mitego. Tartiflette ni viazi, vitunguu na jibini, lakini hutiwa vipande vya nyama ya nguruwe. Fondue ni jibini iliyoyeyushwa, na kwa kawaida huyeyushwa katika divai nyeupe. Mwenzangu mmoja kazini, mtu wa Pemba, aliandika barua hotelini wiki tatu kabla ya kwenda, akaeleza wasichokula. Alipikiwa samaki, mayai na mboga wiki nzima kwa bei ile ile. Mpishi wa milo iliyojumlishwa hupanga mapema. Ukimwambia mapema atakusaidia, ukimwambia mezani hana la kufanya.

Sasa mahali pa kutafuta. Wengi wetu tunadhani likizo ya theluji iliumbwa kwa matajiri. Matajiri wapo, na wana vijiji vyao. Lakini historia ina upande mwingine. Mwaka 1936 Ufaransa ilipitisha sheria ya kumpa kila mfanyakazi likizo ya wiki mbili yenye malipo, na baadaye wiki hizo zikaongezwa mpaka kufikia tano mwaka 1982. Mfanyakazi aliyepata likizo alihitaji mahali pa kwenda ambapo mshahara wake ungetosha. Zikaanzishwa jumuiya zisizotafuta faida zilizojenga vijiji vya likizo kwa familia, baharini na milimani. UCPA, iliyoundwa mwaka 1965, huwauzia vijana wiki ya mlimani ambayo ndani ya bei moja mna kitanda, chakula, tiketi ya lifti, vifaa na mafunzo. Villages Clubs du Soleil hufanya mpango kama huo kwa familia nzima, pamoja na malezi ya watoto wadogo mchana. Uswisi wana Reka, iliyoanzishwa mwaka 1939 ili watu wa kipato kidogo nao wapumzike; nyumba zake nyingi ni za kujipikia, na hiyo ndiyo sababu kwetu hazikupita. Club Med nayo ilianza mwaka 1950 kwa mahema na maisha ya pamoja, ingawa leo bei zake si za ngazi yangu ya mshahara.

Austria na Italia zina desturi nzuri ya nyumba ndogo za wageni zinazoendeshwa na familia vijijini, mama mwenye nyumba akiwa jikoni. Bonde la Aosta, upande wa Italia, hufikika kutoka upande wetu kwa kupita ndani ya Mont Blanc, katika handaki la kilometa 11 na zaidi lililofunguliwa mwaka 1965. Ila ushuru wa handaki si mdogo, nao uingie katika hesabu. Bansko, kule Bulgaria, husifiwa kwa bei nafuu, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini tiketi tano za ndege kutoka Geneva zingeimeza nafuu yote. Unafuu wa mahali hupimwa kuanzia mlangoni kwako.

Kuhusu fedha zenyewe, kulikuwa na jambo la wakati ule lililotusaidia. Tangu Septemba 2011 Benki Kuu ya Uswisi ilikuwa ikizuia faranga isipande kupita kiwango cha faranga 1.20 kwa euro moja. Tarehe 15 Januari 2015 ikauondoa uzuio huo bila kutangaza mapema, na siku ile ile faranga ikaruka juu. Hata ilipotulia, akiba yetu ya faranga ilinunua euro nyingi kuliko zamani. Kwa hiyo kuvuka mpaka kwenda Ufaransa, mwendo wa saa moja na kitu kwa gari, kulikuwa na maana zaidi kuliko kupanda milima ya Uswisi yenyewe. Vijana mnaosoma uchumi, msidhani thamani ya fedha ni jambo la vitabuni tu. Laweza kuamua mtoto wako atakula wapi.

Baada ya mahali ni wakati. Ufaransa imegawanywa katika kanda tatu za shule, A, B na C, na kila kanda ina wiki mbili za likizo kati ya Februari na mwanzo wa Machi, kwa kupishana. Kanda yenye Paris inapokuwa likizoni, bei hupanda na foleni za lifti hurefuka. Wasiofungwa na shule waende Januari baada ya mwaka mpya, au Machi watu wakisharudi. Sisi tulifungwa na wiki ya Geneva. Mwaka 2016 wiki hiyo iliangukia siku ambazo Paris walikuwa bado darasani, ndipo tukaweka nafasi.

Pamoja na wakati kuna urefu wa kutoka usawa wa bahari. Milima ya Alps imezidi kupata joto, na msimu wa theluji katika vituo vya chini umefupika. Kijiji cha mita 1,000 huwa nafuu kuliko Val Thorens, kilichoko mita 2,300, lakini unafuu ule una kamari ndani yake. Anayechagua kijiji cha chini aulize mambo mawili: lifti zinapanda mpaka mita ngapi, na theluji ikikosekana nitarudishiwa nini?

Tuliandikia hoteli tano. Moja ilitangaza "watoto bure". Tulipouliza kwa barua tuliambiwa kuwa kitanda ni bure, chakula cha mtoto hulipiwa, na bei yake ilikaribia ya mtu mzima. Tukashukuru, tukapita. Mwishowe tulichagua hoteli ndogo ya familia katika milima ya Aravis, katika jimbo la Haute-Savoie, chakula cha asubuhi na cha jioni kikiwamo. Haikuwa karibu na lifti. Palikuwa na basi la bure, na ule umbali ndio uliopunguza bei. Tungeweza kushuka mpaka mji wa Thônes, bondeni, tupunguze zaidi, lakini kumwamsha mtoto wa miaka 6 alfajiri kila siku kuna gharama yake isiyoandikwa.

Tiketi na mafunzo tuliwanunulia watoto watu. Vituo vingi vina lifti za wanaoanza ambazo ni bure au za bei ndogo, na mtoto wa siku ya kwanza hahitaji tiketi ya mlima mzima. Mavazi tulitafuta mitumba. Ndiyo, ndugu zangu, Geneva nako kuna mitumba: maduka ya Caritas, na masoko ya vifaa vilivyotumika yanayofanyika kabla ya msimu kuanza, kwa kuwa watoto wa matajiri nao hukua na suruali zikawabana. Kofia ngumu na miwani hatukubana matumizi. Hivyo ni vya usalama. Bima tulikata, maana mtu akivunjika mguu mlimani kumteremsha hulipiwa. Na anayekwenda kwa gari lake ajue kuwa tangu Novemba 2021 wilaya za milimani za Ufaransa zinadai matairi ya theluji au minyororo kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 31 Machi.

Mtataka kujua ilikuwaje. Siku mbili za kwanza watoto walianguka mpaka wakachoka kuanguka. Siku ya nne kitindamimba aliteremka njia ya kijani peke yake, mikono ameitandaza kama kunguru. Mimi nilitembea na kusukuma kigari cha kutelezea cha watoto. Mke wangu alisoma vitabu vitatu. Jioni ya kwanza alipoletewa supu mezani alikaa akiitazama kidogo kabla ya kushika kijiko, kisha akasema kuwa alikuwa amesahau ladha ya chakula asichokipika. Wiki iliyofuata watoto walirudi darasani na habari zao wenyewe. Na mwezi ule ada za watoto wa kaka ziliondoka kwa wakati, na dawa za mama pia.

Najua wapo watakaosema kuwa mambo haya si ya watu wetu. Mwaka 1998, katika Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi kule Nagano, Japani, Mkenya Philip Boit alishindana katika mbio za skii za kilometa 10. Alianza kujifunza theluji mwaka 1996 tu. Alimaliza wa mwisho, na bingwa, Bjørn Dæhlie wa Norwe, alimngoja mwishoni akamkumbatia. Mwaka 2018 Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya, aliteremka milima ya Pyeongchang kwa bendera ya nchi yake. Theluji haina mwenyewe.

Nimalizie kwa vijana. Mwalimu Nyerere alitufundisha kuwa kupanga ni kuchagua. Likizo si jambo kubwa kama mpango wa taifa, lakini kanuni ni hiyo hiyo. Siku mtakapokuwa na mshahara na familia, iwe mnakwenda Alps au Amani kule Usambara, andikeni kwanza wajibu wenu usiosogezwa. Kisha andikeni kila gharama mpaka ya mwisho. Kisha muulizeni kila mmoja wa nyumbani, na hasa yule asiyezoea kuulizwa, yeye kwake kupumzika ni nini. Fedha ikitosha, nendeni kwa furaha. Isipotosha, ngojeni mwaka mwingine, mlima hauhami.

Naona mpishi anachungulia dirishani, nami nimesema sana juu ya chakula mbele ya watu wenye njaa. Ada ya leo tumelipa, na maharage yamo ndani ya bei.